Katuni za Alhamisi na Wembe wa Mama

Wengi wanaoandika juu ya ugonjwa huu huanza kwa kukuambia usiogope. Mimi sitakuambia hivyo. Niliogopa kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, na mpaka leo nikiwa naoga, kidole kikipita shingoni, napapasa tena na tena. Ninachoweza kukusimulia ni vitu vilivyonishika nisiache dawa katikati. Kimoja ni katuni za mtandaoni zilizochorwa na mtu ambaye sijawahi kumwona. Cha pili ni kichwa cha mama yangu.

Wakati huo, katikati ya miaka ya elfu mbili, nilikuwa nafanya kazi katika saiba moja, duka la intaneti, mjini Machakos. Mwenyewe aliitwa Swaleh, mtu wa makamo ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara na hakurudi tena. Intaneti ilipita kwenye laini ya simu, na picha moja ilikuja polepole kiasi kwamba ungeweza kuinuka, kumhudumia mteja, na kurudi ukaikuta bado inashuka. Ilianza juu: mawingu, nywele, macho. Mdomo ulikuja mwisho pamoja na maneno. Kwa hiyo sisi tuliosoma katuni pale tuliona mtu amekasirika kabla hatujajua anasema nini, na tulibishana juu ya hasira yake tukisubiri.

Kila mtu alikuwa na yake. Swaleh alifuata ya paka mwenye duka ambaye hakopeshi wateja ila huwapa mawaidha. Alicheka mpaka akafuta machozi na kikoi, akisema paka yule ni marehemu mjomba wake mtupu. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja kila Ijumaa kufuata vita vya majoka ambavyo vilikuwa vimechorwa kwa miaka na havikuwa na dalili ya kwisha. Nilimuuliza kwa nini mtu mwenye madaftari mengi hivyo ya kusahihisha anajisumbua na majoka. Akaniambia, "Kule hakuna mtu ananiita mwalimu."

Yangu ilikuwa ya familia moja katika mji wa mvua nyingi, mama na watoto wawili, na aliyeichora ndiye aliyekuwa dada mkubwa ndani yake. Ilitoka kila Alhamisi, ukurasa mmoja, kwa kalamu nyeusi tu. Walipika, waligombana, walikosa basi. Niliipenda kwa sababu ilikwenda mwendo wa maisha yenyewe, na aliyeichora hakuijua wiki ijayo zaidi yangu. Halafu mdogo wake, ambaye mimi nilimwita Kijana tu, akaugua. Nilikuwa namwonea huruma kutoka mbali, kama unavyomwonea huruma mtu wa redioni, na uvimbe wangu ulikuwa tayari umeshaanza.

Uliota upande wa kushoto wa shingo wakati wa palizi. Kwetu ni Kalama, na Shangazi Kalunde, dada ya baba, alimjua mtu wa kuuchoma kwa chuma. Baba alikataa, na kwa hilo namshukuru. Zahanati walisema ni kifua kikuu cha tezi, wakanipa vidonge, nikavimeza msimu wote wa baridi huku mkojo ukiwa rangi ya chungwa. Uvimbe haukuwa na habari. Ulizaa mwenzake, na nguo zikaanza kunining'inia. Mwishowe nilikatwa kipande kikapelekwa kupimwa, na sisi tukaitwa Nairobi, hospitali kubwa.

Daktari alikuwa kijana mpole aliyeonekana hajalala. Alitaja jina la ugonjwa kwa Kiingereza, kisha akasema ni saratani ya tezi. Mama alimkatiza.

"Hiyo ni ile ya kufa?"

"Iko na dawa, mama. Dozi sita, moja kila baada ya wiki tatu. Lakini lazima amalize zote. Akiacha katikati inarudi na nguvu."

Mama aligeuka kuniangalia, akaniangalia kama vile nilikuwa nimeshaacha.

Dozi ya kwanza niliipata wakati ardhi ya Kalama ilikuwa imelimwa na watu wote wanaangalia juu wakingoja mvua. Sitakueleza dawa zinavyofanya kazi, sikuelewa hata nilipoelezwa. Nitakueleza benchi. Chumba cha kusubiri kilikuwa na mabenchi marefu, na foleni ilikuwa ni kusogeza makalio: aliye mwisho wa benchi akiitwa, wote mnasogea. Benchi huwa na joto la aliyekutangulia. Ulijua ni nani ameanza jana na ni nani yuko katikati kwa rangi ya kucha zake, maana dawa huzitia weusi. Siku nyingine mlisogea tangu asubuhi, halafu mtu akatoka kusema dawa moja imekosekana, rudini kesho. Watu wa mbali walilala pale pale kwenye korido.

Moja ya dawa ilikuwa nyekundu, ikaingia mshipani baridi. Sijatapika maishani mwangu kama nilivyotapika siku ile na iliyofuata. Mdomo ulijaa vidonda, chakula chote kikawa na ladha ya sarafu, na mshipa wa mkono ukawa mgumu na mweusi. Harufu ya sabuni ya hospitali ilinifuata nyumbani, mpaka nikamwomba Mama abadilishe hata sabuni ya vyombo. Baada ya wiki mbili nywele zilitoka kwenye mto kwa mafungu. Nilimalizia zilizobaki kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hasira.

Swaleh alinitumia kurasa za katuni kwa watu waliokuwa wakija upande wetu. Alizichapa kwenye printa yake, zote tangu mwanzo, akazifunga kwa uzi. Nilipomtuma mtu amwambie ahsante, alijibu: "Mwambie Mwende, sisi tunamwombea, na kila Alhamisi nitamtazamia mpya. Asijisumbue na kazi, kiti chake kipo." Kuna watu walikuja kuniona na sukari na maombi marefu yaliyonichosha. Swaleh hakuja hata mara moja, lakini kurasa zilikuja.

Mwanzoni Mama aliziona ni upuzi. "Mtu mzima na katuni," alisema. "Si usome Zaburi." Lakini hakuwa na la kufanya akikaa karibu nami mchana, na mimi sikutaka kuzungumza juu ya tumbo langu. Siku moja akauliza, "Hao wanasema nini?" Nikamtafsiria kwa Kikamba. Kuanzia siku hiyo hakuniacha. Aliingia katika ile nyumba ya mvua kama jirani. Alitaka kujua yule mama alipika nini Kijana alipotapika, na alilala wapi, na kwa nini baba yao hakuonekana. Aliweka kidole kwenye uso wa yule mama uliochorwa kwa kalamu na kusema, "Huyu halali. Angalia macho." Nilielewa baadaye sana kwa nini alizipenda. Kalama nzima hapakuwa na mama hata mmoja wa kumuuliza mambo hayo. Wagonjwa wa aina yangu walikuwako, lakini walifichwa ndani na ugonjwa wao haukutajwa jina.

Nilizipeleka zile kurasa kwenye benchi la hospitali pia, siku ya dozi ya pili. Zilizunguka kutoka mkono hadi mkono, nami nikawasimulia na ile ya paka wa Swaleh. Mzee mmoja asiyejua Kiingereza alizipitia zote kwa makini, akicheka mahali ambapo hapakuwa na kichekesho, na sikuwa na nia ya kumsahihisha. Mwanamke wa upande wa Muthetheni alisoma mpaka pale Kijana anaanza kuugua, akazirudisha. "Hii yote najua," akaniambia. "Mimi nataka ile ya paka." Alikuwa sahihi kabisa. Kuna anayesoma ili aone mtu kama yeye, na kuna anayesoma ili asijione. Mimi nilisoma kwa sababu katika maisha yangu yote ya wakati ule, Alhamisi ilikuwa kitu pekee nilichokisubiri ambacho hakikuwa majibu ya damu.

Dozi ya pili ilinivunja. Nilirudi nyumbani nimebebwa, na kwa siku nyingi sikutoka chumbani. Mvua haikuwa imefika, vumbi lilipita kwenye madirisha, na nilimsikia Baba nje akiwaambia watu waliokuja kwamba nimelala. Walijibu kwa sauti ya chini. Sauti ya chini ya majirani ina maana yake, na kila aliyelala upande wa pili wa ukuta anaijua.

Nilipopata nguvu ya kukaa barazani, Mama alikuwa anachagua mbegu za kunde. Nikamwambia kwamba sirudi.

"Hurudi wapi?"

"Nairobi. Mwaitu, mama, nimechoka. Wacha nikae hapa nyumbani."

Aliendelea kuchagua. Akatupa mbegu mbovu kwa kuku. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio au Zaburi, lakini alisema tu, "Soma ile ya juzi."

Ukurasa wa wiki hiyo haukuwa na maneno. Kijana alikuwa amejifungia bafuni, hataki kurudi hospitali. Mama yake ameketi chini nje ya mlango. Kisha ameinuka, ameondoka. Kisha amerudi, kichwa kimenyolewa, na anasukuma fungu la nywele zake chini ya mlango. Picha ya mwisho ilikuwa mkono wa Kijana ukiligusa.

Mama aliweka kidole kwenye ule mlango uliochorwa.

"Alifungua?"

"Bado. Pengine wiki ijayo."

"Atafungua," Mama akasema, akaingia jikoni na mbegu zake.

Asubuhi yake nilimkuta nyuma ya jikoni. Alikuwa na karai la maji, kipande cha sabuni, na wembe. Kichwa chake chote kilikuwa cheupe, na damu kidogo karibu na sikio. Sikumtambua kwanza. Mama alikuwa na nywele nzito, za mvi mbele, ambazo alizisuka kila Jumamosi tangu nilipokuwa mtoto. Nywele hizo zilikuwa zimelala chini kwenye majivu.

Ni lazima nikueleze jambo hili kama si mtu wa kwetu. Siku hizi wengi wameacha, lakini upande wetu, miaka hiyo, mwanamke wa umri wa Mama hakunyoa upara ila kwa sababu moja: amezika. Tena si jirani. Amezika mume au amezika mtoto. Mwanamke akionekana hivyo, hakuna anayeuliza.

"Mwaitu, umefanya nini?"

"Nimenyoa."

"Watu watasema nimekufa!"

"Wacha waseme." Alijifunga kitambaa, akachukua mtungi, akaenda kisimani.

Kwetu maji hubebwa mgongoni, na mkanda wa ngozi hupita kwenye paji la uso. Kitambaa huteleza. Sijui kama aliwaza hilo, au kama hakujali. Wanawake kumi hivi walikuwa pale kisimani wakipokezana ndoo, na Mama alipoinama kujitwika, kitambaa kilianguka. Walimsaidia kuinuka. Mmoja alimshika mkono, na Mama, kwa vile hakuulizwa, hakujibu.

Mchana nilikuwa barazani juani, na kurasa mapajani. Niliwasikia kabla sijawaona, wimbo wa mazishi ukipanda kilima taratibu. Walikuja kwa mstari, kila mmoja na mzigo wake wa kuni, wengine na unga, wengine na sufuria kubwa za kanisa. Shangazi Kalunde alikuwa mbele, analia kwa kweli, machozi yanashuka mpaka kifuani. Nakumbuka niliwaza, yeye ananipenda kumbe.

Wa pili nyuma yake ndiye aliyeniona. Mimi mwenyewe nilikuwa upara, nimekonda, macho makubwa, nimejifunika shuka jeupe. Aliangusha kuni zote, akapiga ukunga uliosikika hadi barabarani. Wimbo ulikatika. Wawili walikimbia moja kwa moja kupitia shamba la Baba. Mwingine alipiga magoti na kuanza kukemea pepo kwa jina la Yesu.

"Ni mimi," nikasema. "Sijakufa."

Sikujua mtu hufanya nini baada ya kusema hivyo. Nikawakaribisha chai.

Hakuna aliyecheka siku ile, na nikikumbuka leo nacheka peke yangu halafu naacha. Shangazi Kalunde alinishika mashavu kwa mikono miwili, akanipapasa mabega, akahakikisha. Kisha akamgeukia Mama, aliyekuwa ametoka jikoni na kichwa wazi.

"Aiya! Umezika mtoto akiwa hai?"

"Nimenyoa nywele zangu, Kalunde."

"Umemwitia kifo! Umekifungulia mlango, umekiambia, 'Kuja, huyu hapa!'" Alimgeukia kaka yake, Baba. "Na wewe umesimama tu? Hii mtoto ikikufa, ni huyu mwanamke ameiua. Wote mmesikia."

Wote walisikia. Baba alikuwa amesimama kando ya ghala, kofia mkononi. Hakumtetea Mama. Aliangalia nywele zake zilizokuwa bado kwenye majivu, akaingia ndani, na tangu siku hiyo akawa anakula kwa dada yake. Kuni walituachia. Ilikuwa aibu kuzibeba kurudi nazo.

Jua likishuka Mama alikuja kukaa karibu nami. Nilikuwa nimekasirika.

"Hukujua watasema nini?"

"Nilijua. Mimi nimezaliwa hapa, mwiitu wakwa, binti yangu, sijazaliwa kwa hiyo karatasi yako."

"Sasa kwa nini?"

Alijipapasa kichwa, kwa mshangao kidogo, kama anatafuta kitu alichokizoea. "Ukikufa sasa, ni mimi nimekuua. Umesikia Kalunde. Ataambia watoto, na watoto wataambia watoto wao. Kwa hivyo usikufe."

"Hiyo si kazi yangu peke yangu."

"Kufika Nairobi ni kazi yako. Hiyo ingine ni ya Mungu."

Nimesikia watu wakisema walipigana na ugonjwa kwa sababu walipenda maisha. Sikuyapenda. Nilikuwa nimechoka nayo kabisa, na kama ningeachwa ningelala. Nilirudi kwa dozi ya tatu kwa sababu mama yangu alikuwa ameweka jina lake juu ya mwili wangu mbele ya kijiji kizima, na nisingeweza kufa bila kumhukumu. Nilimchukia kwa hilo kwa muda. Naliandika hapa kwa sababu huenda na wewe unamchukia mtu anayekutoa kitandani. Baba alinibebea mkoba hadi barabarani alfajiri hiyo, bila kumsemesha Mama aliyetufuata nyuma.

Mvua ilikuja baada ya dozi ya tatu. Kwenye dozi ya nne kunde zilikuwa kijani, na nikawa siwezi kupanda ngazi bila kupumzika. Embe zilipoiva nilikuwa kwenye dozi ya tano, na sikuweza hata kuvumilia harufu yake, mimi niliyekuwa nikizila mtini. Kila nilipokohoa kanisani, vichwa vilimgeukia Mama. Wanawake wa kikundi chake cha kusaidiana kulima walianza kusahau kumwita. Alilima peke yake. Nywele zilipoanza kuota hakuzifunika, na hakumweleza mtu yeyote habari ya katuni. Nilimwambia awaeleze. Akasema, "Nitawaambia nini? Kwamba niliona kwa picha?"

Mwanamke wa Muthetheni hakuwa kwenye benchi siku ya dozi ya tano. Nilikuwa nimemchukulia za paka, Swaleh alizichapa kwa ajili yake. Niliuliza dirishani. Muuguzi alitafuta, akasema tu, "Huyo hatakuja." Nilisogea na wengine kuelekea mbele, nikiwa na paka mapajani.

Kijana wa kwenye katuni alifungua mlango. Alirudi hospitali, na kwa wiki kadhaa tukamfuata, tukiwa karibu pamoja naye dozi kwa dozi. Kisha, Alhamisi moja kabla ya dozi yangu ya sita, badala ya ukurasa kulikuwa na mistari miwili. Mchoraji alisema atapumzika kidogo, wasomaji wamsamehe. Hakusema sababu. Wiki iliyofuata maneno yalikuwa yale yale, na iliyofuata. Swaleh aliendelea kufungua kila Alhamisi, akiniletea habari kwamba hakuna habari.

Nilimaliza. Walinipima, nikasogea kwenye benchi, nikaitwa. Daktari yule yule, bado hajalala, akaniambia hawaoni kitu. Mama aliuliza tena kama alivyouliza mwanzo, "Kwa hivyo si ile ya kufa?" Daktari akacheka kidogo, akamwambia turudi kila baada ya miezi mitatu. Hayo ndiyo yote. Mtu hapewi cheti.

Nilidhani Kalama wangemwomba Mama msamaha. Shangazi Kalunde alikuja na kuku, akanikumbatia, akasema Mungu amekataa kusikia yaliyoitwa. Baba alirudi kula nyumbani bila maelezo, na Mama akampakulia bila kuuliza. Mapafu yangu hayajarudi yalivyokuwa, na kuhusu watoto niliambiwa nisitegemee. Nilirudi kwenye kiti changu kwa Swaleh. Ukurasa wa familia ya mvua ulikuwa umesimama pale pale.

Mwaka uliofuata, mbaazi zikiwa zinachanua, mwanamke alikuja kwetu kutoka kilima cha pili. Tulimwita Mama Ndanu. Binti yake Ndanu, wa darasa la sita, alikuwa na uvimbe tumboni. Sikuwa kazini siku hiyo. Alikataa chai, akamwambia Mama anataka kusema naye nyuma ya nyumba, lakini niliwasikia.

"Nataka uninyoe."

"Kwa nini?" Mama akauliza.

"Watu wanasema wewe ulinyoa kabla, kifo kikaja kikakuta mmeshamaliza, kikarudi. Ninyoe na mimi."

"Sivyo ilikuwa," Mama akasema. "Peleka mtoto hospitali."

"Nimempeleka. Wamesema nimrudishe nyumbani, nimpe chochote anapenda."

Nilisubiri Mama amwambie ukweli. Angeweza kumwambia ni dawa, ni bahati, ni kupimwa mapema kidogo kuliko Ndanu. Badala yake nikasikia maji yakimwagwa kwenye karai. Alimnyoa taratibu, na hakumkata hata mahali pamoja. Mama Ndanu alilia wakati wote, na Mama alimshikilia kidevu ili kichwa kisicheze. Baada ya hapo alikuja kunyolewa tena kila nywele zilipochipuka.

Nilienda kumwona Ndanu na kurasa zangu, zilizokuwa zimechakaa kwa mikono ya watu wa benchi. Tulisoma siku kadhaa. Alikuwa mwerevu, Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na alicheka mahali panapofaa. Tulipofika mwisho akageuza karatasi kuangalia nyuma yake.

"Kwani alipona?"

"Sijui. Mchoraji hajafika hapo."

Alirudisha kurasa hadi ya kwanza. "Basi tuanze tena," akasema. "Lakini soma pole pole."

Tulianza tena, tangu wakati Kijana alikuwa mzima na shida yao kubwa ilikuwa basi. Nilisoma polepole kama alivyotaka. Hatukumaliza mara ya pili. Ndanu alifariki wiki ya kuvuna mbaazi, mchana, watu wote wakiwa shambani isipokuwa mama yake.

Ukiwa umeambiwa leo, nenda kesho. Maliza dozi zote hata kama unamchukia anayekulazimisha. Zaidi ya hayo sina ushauri, na anayekuuzia mwingine mwogope. Tafuta kitu cha kusoma ambacho hakijaisha.

Baada ya mazishi ya Ndanu, siku ya wafiwa kunyolewa ilipofika, tuliketi uani kwao kama ilivyo desturi. Mama alikuwa karibu na Mama Ndanu, bega kwa bega, na Shangazi Kalunde ndiye aliyeshika wembe. Alimnyoa nyanya ya mtoto, akamnyoa dada mkubwa. Alipomfikia Mama Ndanu alimfungua kitambaa, akasimama. Hapakuwa na cha kunyoa. Shangazi alimtazama, akamtazama Mama, kisha akaukunja wembe katika karatasi yake na kukaa chini kati yao.